King Majuto, watani wa Handeni na bei ya kicheko

Nilipotea kidogo. Nilikuwa Handeni kwenye msiba wa bibi mdogo, yaani mdogo wake bibi mzaa mama. Tumeshamzika, tumeshaanua tanga, nimerudi mjini. Lakini nimerudi na jambo moja linanikera kichwani, na nisipoliandika sitalala.

Kama hujawahi kuhudhuria mazishi ya Kizigua yenye watani ndani yake, basi umekosa ukumbi wa maigizo usio na kiingilio. Sikia hii. Kaburi limeshachimbwa, maiti imeshaswaliwa, jeneza limewekwa pembeni. Mara mzee mmoja akaruka ndani ya kaburi, akajilaza chali, akafumba macho. Huyu mzee ni Mnyamwezi aliyezaliwa hukuhuku. Baba yake alikuja zamani kukata mkonge. Kwa hiyo ni mtani wetu halali.

"Sitoki," akasema kutoka chini. "Huyu bibi ana deni langu la kuku wawili. Mtamzika juu yangu."

Akanyanyuka nusu, akaanza kumwigiza marehemu. Bibi anavyotembea ameshika kiuno. Bibi anavyohesabu chenji mara tatu mbele ya muuza duka. Bibi anavyojifanya hasikii akiombwa sukari, lakini akitajiwa hela anasikia hata mnong'ono. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka, machozi yakiwa bado yanatiririka. Shehe akatazama pembeni, mabega yakimtikisika.

Mjomba akatoa elfu mbili. Mtani akaitazama ile noti, akasema, "Hii ni ya mguu mmoja." Mjomba akaongeza. Ilipofika elfu kumi ndipo mzee alipotoka, akakung'uta vumbi, na yeye huyohuyo akawa wa kwanza kuupokea mwili.

Keshokutwa yake nikapanda basi kutoka Chanika, Handeni mjini, kwenda Korogwe. Mbele kuna kioo, kondakta akaweka filamu. Nani kwenye kioo? King Majuto. Basi zima likawaka kicheko. Mama mmoja aliyebeba kuku alicheka mpaka kuku akashtuka. Kijana wa pembeni yangu, kama wa kidato cha pili hivi, akaniuliza, "Kaka, huyu mzee bado anaigiza?" Nikamwambia alishafariki, tangu 2018. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza swali ambalo ndilo lililonileta hapa: "Sasa hizi zinazouzwa, hela anachukua nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nikakumbuka yule mtani kaburini. Yeye alilipwa kabla hajatoka shimoni.

MTU MWENYEWE

Tuanze na mtu. King Majuto jina lake halisi ni Amri Athumani. Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akasoma shule ya msingi Msambweni palepale Tanga. Alianza kupanda jukwaani mwaka 1958. Piga hesabu mwenyewe: alikuwa mtoto wa miaka tisa au kumi, Tanganyika bado iko chini ya Mwingereza, Uhuru bado miaka mitatu. Alifariki tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, baada ya kuugua kwa muda na kupelekwa India kwa matibabu. Kutoka 1958 mpaka 2018 ni miaka sitini. Kuna nchi hazijafikisha miaka sitini ya kuchekesha watu.

Sasa fikiria Tanga aliyokulia. Ule ulikuwa mji wa bandari, reli na mkonge. Mkonge wenyewe uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche aliyoagiza kutoka Florida ikafia njiani, ikabaki 62 tu, na hiyo ndiyo ikazaa mashamba yote unayoyaona ukitoka Segera kwenda Korogwe. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mashamba yalihitaji watu, wakaja manamba: Wanyamwezi, Wasukuma, Wangoni, Wamakonde, Waha, na wengine kutoka Burundi na Rwanda. Mwaka 1964, mwaka wa kilele, nchi ilitoa mkonge karibu tani 230,000.

Hao watu wote wametoka pande tofauti, lugha tofauti, mila tofauti. Jioni wamechoka, mikono imechomwa na miiba. Wataongea nini? Wataongea Kiswahili, na watataniana. Mnyamwezi atamwambia Mzigua kwamba babu yake alimuuza kwa sahani ya mtama, Mzigua atajibu kwamba alijuta kwa sababu ile mtama ilikuwa na faida zaidi. Hakuna anayekasirika. Akikasirika anatozwa.

Kuna Mwingereza mmoja alikuwa anakaa Amani, kule milimani Usambara Mashariki, kwenye kituo cha utafiti. Anaitwa Reginald Moreau. Kazi iliyompa jina ni ndege, alikuwa bingwa wa ndege. Lakini masikio yake yalisikia na jambo jingine. Mwaka 1941, na tena 1944, alichapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika, akiwauliza Waafrika wa makabila mbalimbali nani ni mtani wa nani na kwa nini. Majibu mengi yalirudi kwenye mambo mawili: vita vya zamani vilivyoisha kwa suluhu, na misafara. Wanyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu, wakapita nchi ya Wazigua, wakahitaji maji, chakula na mahali pa kulala. Utani ukawa pasipoti. Ukifika kwa mtani unapewa chakula, na akifa unamzika.

Nasema haya yote kwa sababu moja. Watu wakiandika kuhusu vichekesho vya Bongo, wanaanza na runinga, au wakijitahidi sana wanaanza na redio. Mimi nasema aliyekulia mkoa wa Tanga miaka ya 1950 hakuhitaji redio kujua namna ya kumwigiza mzee bahili. Walimu walikuwa wanamlaza chini kila mazishi.

KICHEKESHO NI NINI HASA

Wasomi wetu wana historia yao ya tamthiliya, na ni nzuri, siidharau. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na michezo ya Kiswahili iliyochapishwa Kenya, kama Nakupenda Lakini wa Henry Kuria, kijana aliyesoma Alliance. Kisha akaja Ebrahim Hussein, na Kinjeketile yake ya mwaka 1969 ambayo wengi wetu tuliikariri shuleni kwa ajili ya mtihani. Akaja Penina Muhando, leo Profesa Mlama, na Hatia mwaka 1972. Hayo ni maandishi. Yana jalada, yana jina la mwandishi, na kwenye ukurasa wa mwanzo kuna ile alama ya hakimiliki.

Kichekesho ni mnyama mwingine. Hakina karatasi. Waigizaji watatu au wanne wanakaa nyuma ya pazia dakika kumi, wanapeana habari: wewe mume, wewe mgoni, mimi baba mkwe, mwisho nitakukuta chini ya kitanda. Basi, wanatoka. Maneno yanapatikana palepale mbele ya watu. Watu wakicheka, kipande kinarefushwa. Wakikaa kimya, mtu anaanguka, au suruali inaanguka, na safari inaendelea. Kesho, mji mwingine, kipande kilekile kinatoka kivingine.

Wahusika wake tunawajua wote. Mshamba aliyefika mjini. Mzee anayetaka binti mdogo. Mke mwenye akili kuliko mumewe. Mlevi anayesema kweli. Hao hawakubuniwa na mtu mmoja. Lakini kila mchekeshaji mkubwa alimchukua mmoja wao akamfanya wake, mpaka ukimwona mwingine anamcheza unasema huyu anaiga.

Na hapa kuna jambo tamu. Ebrahim Hussein, msomi kabisa, aliyekwenda mpaka Berlin kuandika tasnifu ya udaktari kuhusu ukumbi wa maonyesho wa Afrika Mashariki, aliupenda huu ukichekesho. Mchezo wake wa Alikiona, habari ya mke, mume na mambo ya pembeni, umejengwa juu ya kichekesho cha mtaani. Maana yake ni hivi: kichekesho kilipopita kwenye kalamu ya msomi kikawa tamthiliya na kikapata mwenyewe. Kilipobaki mdomoni kwa akina Majuto kikabaki "vichekesho tu".

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 vikundi vya sanaa viliota kila mahali. Mashirika ya umma yalikuwa navyo, majeshi yalikuwa navyo, hata viwanda. Baadaye vikaja vikundi vya watu wenyewe, kama Muungano Cultural Troupe, na mwaka 1992 Tanzania One Theatre, TOT, ya marehemu Kapteni John Komba. Onyesho moja lilikuwa na kila kitu: ngoma, sarakasi, muziki, taarabu, igizo, na kichekesho katikati. Linaanza mchana linaisha usiku. Wakumbuke kwamba Bara haikuwa na runinga mpaka mwaka 1994. Kabla ya hapo, kama ulitaka kucheka na hukuwa Dar, ulikuwa na mambo mawili: Redio Tanzania na akina Pwagu na Pwaguzi, au usubiri kikundi kifike kwenu.

Nikiwa Korogwe nilimtafuta mzee mmoja jirani yetu, alikuwa mkata tiketi kwenye ukumbi mmoja wa baa, Manundu, miaka ya 1980. Nikampa shikamoo, nikamnunulia soda, nikamuuliza ilikuwaje.

"Mwanangu," akaniambia, "siku ya kikundi kuja watu walikuwa wanatoka mpaka Magunga na Ngombezi kwa miguu. Mshahara wa mkonge ukitoka na kikundi kiko mjini, hapo unakata tiketi mpaka kidole kinauma. Ngoma watu wanakunywa bia, wanaongea. Sarakasi wanapiga makofi. Lakini akitoka mchekeshaji, hata muhudumu wa baa anasimama."

"Na mchekeshaji alilipwa kuliko wengine?" nikauliza.

Akacheka. "Alilipwa nauli na chakula. Na bia za mashabiki."

KUTOKA JUKWAANI HADI KWENYE DEKI

Kizazi chetu hakikumjua Majuto jukwaani. Tulimjua kwenye kibanda umiza. Mimi nilimwona mara ya kwanza Korogwe, nikiwa darasa la pili au la tatu, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya stendi. Shilingi hamsini, unakaa kwenye benchi la mbao, jasho linatiririka, deki inakwama kila dakika ishirini na mwenye kibanda anaifuta sidii kwa shati lake. Tulikuwa tunaangalia Wachina wakipigana, na kabla ya Wachina, kama chakula cha kuanzia, tunawekewa kichekesho cha Majuto.

Ninachokumbuka ni uso wake. Kabla hajasema neno, uso umeshasema. Ana namna ya kumtazama mtu kama anayepima uzito wa mbuzi. Halafu anaongea, na ile lafudhi ni ya kwetu! Kiswahili cha Tanga kile, cha kuvuta, chenye adabu nyingi na tusi lililofichwa ndani ya adabu. Kwa mtoto wa Korogwe hilo lilikuwa jambo kubwa. Kwenye kioo kila mtu alikuwa anaongea kama wa Dar, na huyu mzee anaongea kama babu yangu.

Majuto alivuka vizazi vya vyombo kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Jukwaa, kaseti za sauti, kanda za video, sidii, runinga, matangazo ya biashara. Wachekeshaji wengi wa jukwaani walizama pale runinga ilipofika. Yeye alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, umri ambao wengine wanaomba kustaafu, ndipo nchi nzima ikaanza kumjua sura.

Na alijua kukaa na vijana. Alicheza na Sharo Milionea, Hussein Mkieti, kijana wa Muheza, jirani zetu kabisa. Mmoja mzee mshamba, mwingine kijana wa mjini anayeongea kwa mapozi. Ukitazama vizuri ni kichekesho kilekile cha jukwaani, mshamba na mjanja wa mjini, ila sasa wamebadilishana nguo na nyakati. Sharo alifariki kwa ajali ya gari tarehe 26 Novemba 2012, akielekea kwao Muheza. Nilikuwa shule wakati huo, na nakumbuka bwenini watu walizima redio, tukakaa gizani.

MWINGEREZA MMOJA WA KULINGANISHA NAYE

Niruhusuni nitoke nje ya nchi kidogo, kisha nirudi.

Uingereza kulikuwa na bwana anaitwa Noël Coward. Alizaliwa mwaka 1899 pembeni ya London, familia isiyo na hela, mama yake akiendesha nyumba ya wapangaji. Akapanda jukwaani mwaka 1911 akiwa na miaka kumi na moja. Shule alisoma kidogo tu. Alikuwa mchekeshaji, mwimbaji, mwigizaji na mwandishi, na ulimi wake ulikuwa wembe. Unaona anavyofanana na mtoto wa Msambweni aliyepanda jukwaani na miaka tisa au kumi?

Lakini angalia njia zinapoachana. Coward aliandika. Mwaka 1924 mchezo wake The Vortex ukamfanya maarufu, mwaka 1925 Hay Fever, mwaka 1930 Private Lives ambao alicheza mwenyewe. Mwaka 1941, katikati ya mabomu ya Wajerumani, akatoa Blithe Spirit, kichekesho kuhusu mzimu wa mke wa kwanza unaorudi kumsumbua mume. Kilichezwa London mara 1,997 mfululizo. Kila kilipochezwa, yeye alipata chake. Alipokuwa mzee na mtindo wake ukapitwa na wakati, maandishi yake yaliendelea kumlisha. Malkia akampa cheo cha Sir mwaka 1970. Akafa Jamaika mwaka 1973, nyumbani kwake juu ya kilima kinachotazama bahari. Na mpaka leo, ukitaka kucheza Blithe Spirit kwenye ukumbi wa kulipia, unaomba ruhusa na unalipa.

Sisemi Majuto alikuwa Coward wa Tanga. Hapana, naona haya kulinganisha hivyo, kana kwamba mtu wetu hawezi kusimama mpaka aegemezwe kwa Mzungu. Ninachosema ni hiki: vipaji vilikaribiana, tofauti ni karatasi. Mmoja aliishi kwenye nchi ambayo neno likitoka mdomoni mwa mchekeshaji linaingia kwenye mkataba. Mwingine aliishi kwenye nchi ambayo neno likitoka linaenda na upepo, au linaenda mfukoni mwa aliyeshika kamera.

MWAKA 2018

Mzee alipougua ndipo nchi ilipoanza kuuliza. Sura yake ilikuwa kwenye matangazo, sauti yake kwenye redio, filamu zake kila basi, na bado ilibidi watu wachangishane kwa ajili ya matibabu. Aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya wanasheria kupitia mikataba ya wasanii, na mikataba ya Majuto ikiwemo. Nchi ikashtuka, kana kwamba ilikuwa habari mpya.

Haikuwa habari mpya. Kila aliyewahi kukaa karibu na filamu za Bongo anaujua utaratibu uliokuwepo. Unatengeneza kazi, unampelekea msambazaji, anakupa hela mara moja, unampa masta. Mchezo umekwisha. Akiuza nakala elfu moja au laki moja, wewe humo. Ikirushwa kwenye basi la Handeni miaka saba baada ya kufa kwako, wewe humo, na watoto wako hawamo.

Na sheria ilikuwepo! Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki imepitishwa mwaka 1999. Ndani yake mwigizaji ametajwa, ana haki zake juu ya uigizaji wake. Kwa hiyo tatizo halikuwa ukosefu wa sheria. Tatizo lilikuwa kwamba msanii anapewa karatasi ya Kiingereza ana njaa, na pembeni kuna bahasha.

Sitaki kujifanya mtakatifu hapa. Mimi mwenyewe nina kidonda. Nikiwa mwaka wa mwisho chuoni niliandika vipande kumi na viwili vya mchezo wa redio kwa watu fulani, siwataji. Nililipwa "nauli" na ahadi. Mchezo ulirushwa, nikausikia kwenye daladala, maneno yangu neno kwa neno, jina langu halikusomwa. Nilimwambia abiria mwenzangu, "Hii nimeandika mimi." Akanitazama kama anayetazama mgonjwa. Nilikuwa nimesoma chuo kikuu, nimesomeshwa hiyo hakimiliki muhula mzima, na bado nilisaini bila kusoma kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa imefika. Sasa mzee aliyeanza kazi mwaka 1958, enzi ambazo malipo yalikuwa bia za mashabiki, tumlaumu kwa lipi?

Alipofariki, viwanja vya Karimjee vilijaa. Rais John Magufuli alikwenda kumuaga. Kisha mwili ukarudishwa Tanga, akazikwa nyumbani. Viongozi walisema maneno mazuri. Magazeti yetu yaliandika kurasa nzima, na mimi nilikuwa mmoja wa walioandika. Nikisoma leo nilichoandika naona aibu. Niliandika kwamba "ataishi mioyoni mwetu". Mioyoni hakuna kodi wala ada ya shule.

TURUDI KABURINI

Naam, turudi Handeni.

Usiku wa msiba nilikaa na yule mtani karibu na moto. Nikamuuliza kama siku hizi vijana wanajifunza kazi hii. Akasema wachache, wengine wanaona haya, wengine mashehe na wachungaji wanawakataza. Nikamuuliza tena, kwa nini lazima adai hela, si angeweza kuchekesha tu kwa upendo, bibi alikuwa rafiki yake?

Akaniangalia kama Majuto, vile vya kupima mbuzi.

"Mjukuu wangu, nikichekesha bure mtasema mzee amelewa. Nikidai, mnajua nimefanya kazi."

Sentensi hiyo nimerudi nayo mpaka mjini. Mzee hajui Noël Coward, hajui sheria ya 1999, lakini anajua jambo ambalo sisi wenye digrii tulilisahau. Kicheko ni kazi. Bei inatajwa kabla ya kutoka shimoni, mbele ya mashahidi, kwa lugha ambayo kila mtu pale anaielewa.

Wadau, sina kamati ya kuunda. Ninayo mambo mawili madogo tu. La kwanza, wenzangu wa habari: wachekeshaji wa zamani wa jukwaani wanaisha. Wale wa vikundi vya miaka ya 1970 na 1980 wako Korogwe, wako Muheza, wako Mombo, wanalima mihogo. Twende tukawarekodi vichekesho vyao, majina yao yaandikwe juu, na tuwalipe kwa kurekodiwa. Ebrahim Hussein alituonyesha kwamba kichekesho kinaweza kuandikwa. Basi safari hii kiandikwe kwa jina la mwenyewe.

La pili, wewe kijana unayechekesha kwenye simu leo, una wafuasi laki tatu na kampuni imekutumia mkataba usiku wa Ijumaa ikitaka usaini kabla ya Jumatatu. Mtafute mtu asome. Ukikosa wakili, tafuta hata mwalimu wa Kiingereza. Uliza: ni kwa muda gani? Kwa nchi zipi? Nikifa je? Wakikuona mkorofi, waambie una babu Handeni, na kwao mtu hatoki kaburini kwa elfu mbili.

Yule kijana wa kidato cha pili alishuka Mtonga, kabla hatujafika stendi. Sikumjibu swali lake. Filamu ilikuwa bado inaendelea, Majuto anamfukuza mtu kwa kandambili, na basi zima linacheka.

Nawasilisha.